Usikate Tarehe: Mwongozo wa Kupima Mkusanyo wa Shabiki wa Professor Jay

Ukiwekewa mezani madaftari mawili ya vipande vya magazeti kuhusu Professor Jay, moja nono, lenye picha za rangi zilizokatwa kwa mkasi kufuata mstari wa mabega na kubandikwa kwa unadhifu, na jingine jembamba, lenye kurasa nzima zilizokunjwa mara moja na kuanza kugeuka kahawia pembeni, chukua jembamba. Wengi watakuona huna macho. Daftari nono linapendeza, na aliyelitengeneza bila shaka alimpenda msanii wake. Lakini mkasi uliofuata mabega umeondoa jina la gazeti, tarehe, namba ya ukurasa na nusu ya habari, na kilichobaki ni sura ya mtu. Sura hiyo inaweza kuwa ya mwaka wowote na ya tukio lolote, na mwenye daftari ndiye anayejua. Siku akisahau, au akifa, hakuna anayejua tena. Hoja yangu katika mwongozo huu ni moja: kipande hupimwa kwa kile kinachoweza kuthibitisha chenyewe wakati mwenye nacho hayupo kukisemea. Uzuri, wingi na hata uhaba vinafuata nyuma.

Kanuni hii ingefaa kwa shabiki wa mwanamuziki yeyote, lakini kwa Kilosa na Mikumi inabana zaidi. Joseph Haule alianza kujulikana akiwa na Hard Blasters, kundi la wimbo wa Chemsha Bongo na albamu ya Funga Kazi, wakati ule akijiita Nigga J. Akaja kuwa Professor Jay, akatoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001 na Mapinduzi Halisi mwaka 2003. Kisha tarehe 25 Oktoba 2015 wapiga kura wa Mikumi, moja ya majimbo mawili ya wilaya ya Kilosa, wakamchagua kuwa mbunge wao kwa tiketi ya CHADEMA, na akakaa bungeni hadi 2020. Kwa mkusanyaji wa Dar es Salaam huyu ni msanii aliyepitia siasa. Kwa mkusanyaji wa Kidodi, kata ya Ulaya au Mikumi mjini ni mtu ambaye jina lake limeonekana kwenye kava la kaseti na kwenye karatasi ya kura. Vitu vya maisha hayo mawili vinafanana sana kwa macho: uso uleule, jina lilelile, mara nyingi hata picha ileile iliyotumika tena. Kinachovitenganisha ni tarehe.

Chukua wimbo wa Ndio Mzee. Ulipotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa dhihaka: mwanasiasa anapanda jukwaani, anaahidi makubwa yasiyowezekana, na umati unaitikia. Makala ya gazeti ya wakati ule inayoutaja wimbo huu inazungumzia kijana wa mjini anayewacheka wakubwa. Makala ya Septemba 2015 inayoutaja wimbo huohuo inazungumzia mgombea anayepanda majukwaa ya Kilosa kuomba kura, na mwandishi ama anampongeza kwa kuwajua wanasiasa tangu zamani, ama anamkebehi kwamba sasa zamu yake ya kuahidi imefika. Makala ya 2020 inayoutaja inaweza kuwa hesabu ya ahadi zake mwenyewe. Kata tarehe kwenye vipande hivyo vitatu, na vitakuwa habari moja iliyorudiwa mara tatu. Viache na tarehe, na utakuwa na historia ya namna wimbo mmoja ulivyomgeukia aliyeutunga. Sijui msanii mwingine nchini ambaye tarehe ya kipande inabadilisha maana yake kiasi hiki. Sugu wa Mbeya anamkaribia, maana naye alitoka kwenye muziki akaingia bungeni mwaka 2010, lakini wimbo wake maarufu haukumcheza mwanasiasa jukwaani kwa namna ile.

Je, kipande kikishakatwa vibaya kimekufa? Hapana, na hapa ndipo mjuzi anapojitenga na mnunuzi wa kawaida, kwa sababu karatasi husema mambo mengi ambayo aliyeikata hakuyafikiria. Geuza kwanza. Mgongo wa kipande una tangazo la biashara, ratiba ya redio, bei ya bati au sehemu ya habari nyingine, na mara nyingi mgongo ndio unaotoa mwaka. Namba za simu za mezani za Dar es Salaam zilizoanza na 051 ni za zama kabla ya 022, na mabadiliko yalikuja karibu na mwaka 2000; namba ya mkononi ya 0744 ni ya kabla ya Vodacom kuhamia 0754 katikati ya muongo ule. Kampuni ya simu iliyodhamini onyesho nayo inasema: nembo ya Celtel haiwezi kuwa kwenye bango la 2009, kwa sababu mwaka 2008 iligeuka Zain, na Zain ikageuka Airtel mwaka 2010. Jina la msanii lenyewe ni kalenda. Akiitwa Nigga J, uko kwenye miaka ya Hard Blasters au mwandishi amechelewa kupata habari. Akiitwa Mheshimiwa Haule, uko baada ya Oktoba 2015. Na kwa mabango ya kampeni kuna kipimo ambacho hata mtoto anakiweza: sura yake ikiwa pamoja na ya mgombea urais Edward Lowassa ni 2015, ikiwa pamoja na ya mgombea urais Tundu Lissu ni 2020. Neno UKAWA, jina la muungano wa vyama vya upinzani, nalo linakurudisha 2015.

Ndiyo maana kipande bora ni ukurasa mzima. Kama nafasi haikuruhusu, basi kata kwa rula, kwa mraba, ukiacha kichwa cha gazeti au angalau ule mstari mwembamba wa juu wenye jina la gazeti, siku na namba ya ukurasa. Habari ikiishia na maneno ya kukuelekeza ukurasa wa ndani, ukurasa huo nao ni sehemu ya kipande. Habari ya ukurasa wa mbele isiyo na mwendelezo wake ni nusu. Usibandike kwa gundi, kwa sababu gundi inaufunga mgongo milele. Usiandike juu ya maandishi ya gazeti. Kama unataka kuongeza maelezo, yaandike kwa penseli kwenye karatasi tofauti: gazeti lipi, siku ipi, ulilipata wapi, kwa nani. Kuhusu penseli nasisitiza kwa sababu wino wa kalamu za kawaida husambaa karatasi ikipata unyevu, na Kilosa si mahali pa kuudharau unyevu, kama nitakavyoeleza.

Kuna jambo ambalo wakusanyaji wengi hulichanganya, nalo ni ubora wa kipande na ukweli wa habari. Magazeti ya udaku kama Ijumaa na Risasi yalimwandika sana msanii huyu, kama yalivyowaandika wenzake wote wa Bongo Fleva, na mengi yaliyoandikwa humo ni maneno ya vijiweni. Mkusanyaji anayejiheshimu hujaribiwa kuyatupa na kubaki na Mwananchi, Nipashe na Mtanzania. Asiyatupe. Kipande cha udaku hakithibitishi kwamba jambo lilitokea. Kinathibitisha kwamba wiki ile lilisemwa, na hilo pia ni tukio. Kosa ni kukiweka katika fungu moja na ripoti ya mkutano wa hadhara kana kwamba vina uzito mmoja. Kwa kipindi cha ubunge tofauti hii ina makali zaidi. Tangu Januari 2016 serikali ilisitisha matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kwenye televisheni ya taifa, kwa hiyo yale aliyoyasema mbunge wa Mikumi bungeni yaliwafikia wananchi zaidi kwa kalamu ya mwandishi kuliko kwa macho yao wenyewe. Anayetaka kujua alisema nini hasa huenda kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ambako anaandikwa kwa jina lake kamili, Joseph Leonard Haule. Kipande cha gazeti kilichowekwa pamoja na nakala ya ukurasa wa Hansard wa siku hiyohiyo ni jozi ya thamani kubwa: kimoja kinatoa maneno, kingine kinatoa namna maneno yalivyopokelewa. Jozi chache za namna hii zina thamani kuliko rundo zima la picha za jukwaani.

Tena mjuzi anatakiwa kuyasoma mapengo. Ukikuta mkusanyo wa mwaka 2020 unaoishia Juni kwa upande wa magazeti yaliyokuwa karibu na upinzani, usimlaumu mwenyewe kwa uvivu: leseni ya Tanzania Daima ilifutwa Juni 2020, miezi minne kabla ya uchaguzi ambamo Dennis Londo wa CCM alilichukua jimbo la Mikumi. Mawio na Mwanahalisi nayo yalikuwa yamefungiwa kabla. Kinyume chake, ukiletewa ukurasa unaodaiwa kuwa wa Tanzania Daima wa Septemba 2020, una kila sababu ya kuuliza maswali. Mkusanyaji anayeweka karatasi tupu mahali pa pengo na kuandika sababu yake, kwa maoni yangu, amefanya kazi bora kuliko anayejaza pengo hilo kwa fotokopi.

Na fotokopi zipo nyingi, kwa hiyo jifunze kuzijua. Kioo cha kukuzia cha bei ndogo kinatosha. Picha iliyochapwa kiwandani kwenye gazeti au kwenye kava imejengwa kwa vitone vilivyopangwa kwa mistari sawasawa. Fotokopi ni unga mweusi ulioyeyushwa juu ya karatasi, nao unang'aa kidogo ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Printa ya wino ya dukani kwenye steshenari huacha vitone vilivyotawanyika bila mpangilio, na tone la maji linaviyeyusha. Sahihi nayo ina siri zake: bolpeni huacha mfereji unaoweza kuhisiwa kwa ncha ya kidole, na wino wake hupita juu ya vitone vya picha, wakati sahihi iliyochapwa pamoja na bango imejengwa kwa vitone vilevile vya picha. Sahihi ya kughushi mara nyingi hujulikana kwa woga wake, mstari unaosimamasimama pale ambapo mkono uliozoea ungeteleza. Lakini hata sahihi halali, isipokuwa na habari ya lini na wapi ilitiwa, ni mapambo tu.

Kaseti ndizo zinazoleta ubishi mkubwa, na hapa naachana na wakusanyaji wengi wa mjini. Msimamo wao ni kwamba kaseti orijino tu ndiyo ina thamani: kava lililochapwa kiwandani, majina ya nyimbo na ya studio, maandishi yaliyopigwa moja kwa moja kwenye plastiki badala ya stika. Kwa albamu za 2001 na 2003 hiyo ni kweli kama unatafuta kitu cha kuuza. Pia tambua kwamba stempu ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye kazi za muziki ilianza kutumika mwaka 2013, kwa hiyo nakala yenye stempu hiyo ni toleo la baadaye hata kama kava linasema 2001. Lakini swali la mwongozo huu ni ushahidi, na kwa ushahidi kaseti iliyorekodiwa kwenye redio ya nyumbani, juu ya kaseti ya kwaya iliyozibwa matundu yake ya juu kwa karatasi, yenye majina ya nyimbo kwa mwandiko wa kalamu, inasema jambo ambalo orijino haiwezi kulisema: muziki huu ulifika mpaka huku, ulifikaje, na aliyeurekodi aliuita nini. Sauti ya mtangazaji iliyobaki mwanzoni mwa wimbo, ambayo wengi huifuta kwa aibu, ndiyo sehemu bora ya kaseti hiyo, maana inaitaja redio na mara nyingine hata siku. Kudurufu kazi ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999, na simtetei mwizi wa kazi za wasanii. Nasema tu kwamba kitu kilichotengenezwa kwa kosa kinaweza kuwa shahidi mzuri, kama vile mahakama zinavyojua.

Hapa Kilosa na Mikumi vitu adimu si vile vinavyosifiwa Dar es Salaam. Bango kubwa la onyesho la mjini lilichapwa kwa maelfu. Kipeperushi cha mkutano wa kampeni wa kijijini, kilichochapwa kwenye steshenari kwa rangi moja na kutaja uwanja wa shule na saa ya mkutano, kilichapwa kwa idadi ndogo, kikabandikwa kwa ugali wa moto kwenye ukuta wa duka, na mvua ikakimaliza. Ukikipata, hata kikiwa kimechanika pembe, kinazidi fulana yoyote. Fulana na kofia vina udhaifu wake: huvaliwa, hufuliwa, na mchoro wake huweza kuchapwa upya wakati wowote kwenye fulana mpya. Angalia lebo ya shingoni, angalia kama chapa imeingia kwenye nyuzi au imelala juu kama ngozi ya plastiki, na uwe mgumu kuamini fulana ya 2015 isiyo na hata dalili moja ya kuvaliwa. Kombati za kaki za chama nazo zilivaliwa na maelfu. Bila picha ya mvaaji kwenye tukio fulani, kombati ni nguo.

Vipo vitu ambavyo mkusanyo bora hauna, na kutokuwa navyo ni sehemu ya ubora wake. Karatasi ya kura iliyotolewa kituoni haitakiwi kutoka kituoni. Anayekuletea anakuletea kesi. Gazeti lenye muhuri wa maktaba limeibwa, na aliyelikata amewanyima wasomaji wote ili kumfurahisha shabiki mmoja. Barua na majalada ya Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya 2009, ni mali ya ofisi, na aghalabu yana majina ya wananchi walioomba msaada wa ada au matibabu. Hata yakipatikana kwenye karatasi za kufungia maandazi, yarudishwe. Asili ya kitu ni sehemu ya kitu. Zanzibar inatupa mfano wa juu kabisa wa jambo hili kupitia mtoto wake aliyekuja kuwa nyota wa roki, Freddie Mercury, aliyezaliwa huko mwaka 1946. Mwaka 2023 mali zake zilipigwa mnada na Sotheby's jijini London, na piano yake ikauzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Piano ya aina ile ile isiyo na historia isingefika hata sehemu ndogo ya bei hiyo. Vitu vile vilitoka moja kwa moja kwenye nyumba yake, mikononi mwa rafiki yake Mary Austin aliyeirithi, na hakuna aliyehitaji kukisia. Rasimu za nyimbo zilizouzwa pale zilisisimua watu kwa yale yaliyofutwa, si kwa usafi wake: wimbo wa Bohemian Rhapsody ulikuwa umeandikwa kwanza kwa jina jingine. Daftari la mashairi lenye mikato, likitoka kwenye studio ya Dar es Salaam na njia yake ikijulikana, lingepaswa kupimwa kwa jicho hilohilo.

Mkoa wetu wenyewe wa Morogoro una somo la karibu zaidi. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, kazi zake zilikuwa zimetawanyika kwenye santuri ndogo, na kampuni ya Polygram ikazikusanya katika mfululizo wa Ukumbusho. Mfululizo huo uliziokoa nyimbo nyingi. Lakini anayetaka kujua lini mtu alisikia nini hawezi kuishia hapo. Anarudi kwenye santuri ndogo, ambako jina la bendi ni dalili ya kwanza: Morogoro Jazz hadi alipoondoka mwaka 1973, Super Volcano baada yake. Safari ya Morogoro Jazz kwenda Expo 70 kule Osaka iliandikwa magazetini, na kipande cha mwaka 1970 chenye tarehe yake kinazidi makala kumi za kumbukumbu zilizoandikwa miaka thelathini baadaye, kwa sababu zile kumi zimekwishajua mwisho wa habari.

Ubora pia ni uwezo wa kitu kudumu, na adui wa gazeti yumo ndani yake. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake. Mwanga na hewa huifanya itoe asidi, karatasi ikawa njano, kisha kahawia, kisha ikavunjika kwenye mikunjo. Huwezi kulizuia hilo kabisa, ila unaweza kulichelewesha: giza, ubaridi wa kadiri, kurasa zikilala bapa. Selotepu ndiyo mbaya kupita yote, kwa kuwa gundi yake huzama na kuacha doa lisilotoka. Laminesheni, ambayo wengi wanaiona heshima kwa kipande, ni kuzika kitu kikiwa hai. Haitolewi tena bila kukiharibu. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali nayo huyeyusha wino polepole. Bahasha safi za karatasi nyeupe na boksi gumu vinatosha, na boksi liinuliwe kutoka chini. Sisemi hivyo kwa ajili ya mchwa na mende tu. Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji yaliingia kwenye nyumba za Kilosa na kubomoa hata Reli ya Kati. Kwa hiyo unapopima mkusanyo uliokaa Kilosa mjini tangu miaka ya mwanzo ya 2000, alama ya maji si lazima iwe kasoro. Inaweza kuwa uthibitisho kwamba kitu kilikuwepo pale kinapodaiwa kuwepo, na karatasi safi mno ndiyo ya kuulizwa ilinusurika vipi. Muhimu ni kutofautisha doa la zamani, lililokauka na kutulia, na ukungu ulio hai, ambao hunuka na kuhamia karatasi za jirani. Huo utenge mara moja.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanamgeuza shabiki kuwa karani. Shabiki hukusanya kwa mapenzi, na mapenzi hayana rejesta. Nalikubali nusu. Hakuna mtu angeanza kukata gazeti kwa ajili ya historia. Huanza kwa sababu ameupenda wimbo. Lakini picha ya mabega inaonyesha mapenzi ya siku moja, na ukurasa wenye tarehe unaonyesha mapenzi yaliyodumu, maana ukiwa nazo ishirini unaona mtu alivyomfuata msanii wake mwaka hadi mwaka, kwenye albamu iliyovuma na kwenye uchaguzi alioshindwa. Tarehe haiondoi mapenzi, inayapimia urefu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kila kitu kipo mtandaoni, karatasi ya nini? Jibu ni kwamba mtandao una nyimbo, na nyimbo hazikuwa hatarini sana. YouTube ilianza mwaka 2005, kwa hiyo wimbo wowote wa Machozi, Jasho na Damu uliopo humo una tarehe ya kupandishwa, wala si ya kutoka, na kijana anayesoma tarehe hiyo anapotoshwa bila mtu kumdanganya. Magazeti ya mwanzo wa miaka ya 2000 kwa sehemu kubwa hayakuwekwa mtandaoni, na tovuti za magazeti hubadilishwa na kurasa za zamani zikapotea. Vipeperushi vya vijijini havikuwahi kuwa mtandaoni hata siku moja. Piga picha kila kipande kwa simu, mbele na nyuma, na utumie picha hizo kuonyesha watu ili karatasi ipumzike. Lakini simu ni nakala ya mkusanyo. Karatasi ndiyo inayoweza kugeuzwa, kunuswa na kuwekwa chini ya kioo.

La tatu ni la siasa, na kwa jimbo lililobadilishana chama mara mbili ndani ya miaka mitano haliepukiki. Kwamba kukusanya vitu vya mbunge wa CHADEMA ni kufanya kampeni. Ingekuwa hivyo kama mkusanyo ungekuwa na upande mmoja. Kwa hiyo kipimo cha mwisho ninachokitumia ni hiki: je, yumo mpinzani? Mkusanyo wa 2015 usio na kipeperushi hata kimoja cha CCM, na wa 2020 usio na bango la Londo, ni madhabahu. Wenye vyote viwili, pamoja na makala zilizomkosoa msanii na zile zilizomsifu, unamwezesha mtu wa chama chochote kuona watu wa Mikumi walichagua kati ya nini na nini. Shabiki anayechukia kuhifadhi karatasi za mpinzani akumbuke kwamba bila hizo ushindi wa 2015 hauonekani ulikuwa mgumu kiasi gani.

Kuhusu kununua, sina mengi. Bei za vitu hivi bado hazijakaa sawa, na muuzaji wa magazeti chakavu anauza kwa kilo, jambo ambalo kwa mwenye subira ni neema. Usinunue kipande kimoja kutoka kwenye daftari la mtu kabla ya kupiga picha ukurasa kilipokaa na kurasa mbili za jirani, kwa sababu mpangilio wa mwenyewe nao ni ushahidi, na ukishauvunja huwezi kuurudisha. Kama uwezo upo, nunua daftari zima. Kama haupo, mwache nalo, muombe aandike tarehe anazozikumbuka kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, na umwachie penseli hiyo.